Nukta Nyekundu Mbele ya Karakana

Fundi baiskeli wa mtaa wetu ni mwanamke. Mikono yake imejaa grisi na mdomo wake hauna breki. Tunamwita Mama Ringi. Kila asubuhi huhesabu ringi zilizopinda, alizozitundika ukutani.

Siku ile zilikuwa kumi na moja. Zote za gurudumu la mbele. Moja ilikuwa ya mumewe, msambazaji wa mikate. Yeye alikaa kwenye benchi, mkono ukiwa ndani ya plasta.

"Wiki tatu tu, natolewa plasta," alisema mume. "Narudi barabarani."

"Kwa mteremko ule ule uliokuangusha?"

"Mke wangu, njia ni ile moja. Unataka nipae?"

Mama Ringi hakucheka. Aliogopa. Safari ijayo huenda kikavunjika kitu kingine, si mkono.

Mara akaingia mtafiti wa jiografia kutoka chuo kikuu, kompyuta kwapani. Ni msichana mpole, mwenye haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pancha?"

"Hapana, nimeleta habari njema."

Alieleza kwamba yeye na wenzake walifunga vifaa vidogo kwenye baiskeli mia mbili. Wenye baiskeli waliombwa ruhusa, na majina yao hayakuandikwa. Kila kifaa hueleza baiskeli ilipo. Kompyuta hukusanya taarifa hizo zote na kuchora ramani. Akaifungua. Mbele ya karakana palikuwa na nukta kubwa nyekundu.

"Hapa kwako baiskeli husimama kuliko popote mtaani," alisema. "Watu wanapapenda! Ijumaa tutaishauri manispaa ijenge maegesho hapa."

Mama Ringi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wanapapenda? Mwanangu, hapa hakuna anayekuja kwa hiari! Zinasimama kwa sababu zimevunjika. Tazama ukuta huu."

Mtafiti akatazama ringi, kisha plasta ya mume. Aibu ikamshika.

"Tuliona zinaposimama," alisema polepole. "Hatukuuliza kwa nini. Zinavunjikia wapi?"

"Kwenye mfuniko wa mtaro, katikati ya mteremko. Nondo zake zimelala kufuata barabara. Gurudumu linazama katikati ya nondo mbili, na wewe unaruka."

"Nawe uliwahi kuripoti?"

Mama Ringi akajikuna kichwa. "Nimewaambia wateja wote."

"Wateja wanajua tayari, mama. Manispaa ndiyo haijui. Na manispaa itauliza mambo manne: wapi, lini, mara ngapi, kitu gani kimeharibika. Una daftari?"

Daftari lilikuwepo. Kwa siku tatu, kila mwenye ringi ukutani alipitia karakana akaonyesha kwa kidole kwenye ramani alipoangukia, na Mama Ringi akaandika. Wote kumi na mmoja waligusa mfuniko ule ule. Mtafiti naye akarudi kwenye kompyuta yake.

"Mama, angalia!" alisema Alhamisi. "Baiskeli hizi zinashuka mbio. Zikifika kwenye mfuniko, zinasimama. Kutoka hapo hadi kwako zinakwenda mwendo wa mtu anayetembea."

"Kwa sababu wanazisukuma," alisema Mama Ringi.

"Kwa sababu wanazisukuma!"

Ijumaa walikwenda manispaa pamoja. Mtafiti alionyesha ramani. Mama Ringi aliweka ringi mezani, mbele ya mhandisi, na kufungua daftari.

Mhandisi alisoma hadi ukurasa wa mwisho. "Mfuniko huu tuliuweka vibaya," alisema. "Nondo zinatakiwa zikatize barabara, gurudumu lipite juu yake. Daftari hili ameandika nani?"

"Mtafiti mwenzangu," alijibu yule msichana, akimwonyesha Mama Ringi.

Mama Ringi, mwenye mdomo usio na breki, akaanza kujifuta grisi mikononi.

Siku kumi baadaye mfuniko mpya uliwekwa. Ramani nayo ilitundikwa karakanani, kwenye misumari iliyokuwa ya ringi. Chini yake yameandikwa majina ya watafiti. La Mama Ringi ni la pili, na kila mteja hulazimishwa kulisoma.

Plasta ilipotolewa, mume alipakia mikate akashuka mteremko. Mama Ringi alisimama mlangoni akimtazama. Baiskeli ilipita juu ya mfuniko kwa mtikisiko mdogo tu. Mume akapiga kengele, hakugeuka nyuma.

"Yule ni mume wangu," Mama Ringi alimwambia mteja. "Na mfuniko ule ni wangu."