Ngano ya Kumwombea Lukia

"Usiteremke."

"Lambros, nataka kuwasha taa tu. Narudi sasa hivi."

"Nimesema usiteremke, Thomai. Tafadhali."

Lambros alikuwa amesimamisha gari pale pale anaposimama siku zote, chini kidogo ya kona. Kutoka hapo kile kikanisa cha bati, kidogo kama kizimba cha njiwa, kinaonekana juu ya mguu wake wa chuma, lakini maandishi yake hayasomeki. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni. Nyuma ya kioo cha kikanisa palikuwa na mwanga mdogo wa njano. Lambros alishika usukani kwa mikono yote miwili, machozi yakimtoka bila sauti.

Thomai alimpa kitambaa. Kwenye duka lake la dawa kule mjini Preveza alishaona watu wengi wakilia, na alijua kutofautisha machozi ya kweli na ya kutafutia dawa za usingizi. Haya yalikuwa ya kweli.

Kwenye kona hiyo ndipo Lukia, mchumba wa kwanza wa Lambros, alipofariki katika ajali ya gari. Lambros alimwambia hivyo mara ya pili walipotoka pamoja, na tangu siku hiyo Thomai hakuuliza zaidi. Hakumtafuta hata mtandaoni, kwa sababu aliona kumpekua marehemu ni utovu wa adabu. Ila kila Jumamosi walipopanda milima ya Tzoumerka kutazama maporomoko na madaraja ya mawe, safari yao iliishia hapa. Na harusi ilikuwa imebakiza Jumapili tatu.

"Njia hii unaichagua wewe," alisema kwa upole. "Kama inakuumiza, kwa nini tusipite kwingine?"

"Sijui."

"Na Kedro, kijijini kwao Lukia, hatujafika hata siku moja. Ni hapo juu tu."

"Barabara imeporomoka huko mbele. Nimeshakwambia."

Akageuza gari.

Walikula kwenye mgahawa wa Bwana Stergios, chini ya miti ya mvinje kando ya mto. Meza ya jirani walikuwa wageni wa pikipiki kutoka Athene, na Bwana Stergios alikuwa amewashika vilivyo.

"Anavaa nyeupe tupu," alikuwa akisema, masharubu yakicheza. "Jioni inapoingia anasimama pale kwenye kikanisa. Mwaka jana dereva wa lori la maziwa alimpa lifti. Akapanda, wakaenda, akashukuru, akashuka Kedro."

"Mzimu ulishukuru?" Thomai aliuliza.

"Ana adabu zake."

"Na ile taa nani anaitia mafuta?"

"Hakuna mtu. Inawaka yenyewe."

"Bwana Stergios, mafuta ya zeituni hayajimimini."

"Dada, wewe mfamasia, uza vidonge. Mizimu niachie mimi. Huoni meza zote zimejaa?"

Wageni wakacheka. Bwana Stergios naye alicheka, kisha macho yake yakamwangukia Lambros na kicheko kikakatika. Akaondoka kwenda kuleta mkate ambao hakuna aliyeuagiza.

"Anakujua?" Thomai alinong'ona.

"Huku kila mtu anamjua kila mtu."

"Basi mbona hakukusalimia?"

"Thomai, kula pai yako, inapoa."

Usiku ule Thomai alimpigia simu mama yake, Bi Evdokia.

"Mama, sielewi kitu. Taa inawaka. Mtu anaijaza. Lambros anasema familia ya marehemu ilihama zamani. Sasa ni nani?"

"Unaogopa mzimu, wewe na shule yako yote?"

"Siogopi mzimu. Naogopa kuolewa na mume wa mtu. Analia, mama. Kila Jumamosi analia. Mimi nimekaa pembeni nimeshika kitambaa kama mtumishi wa msiba."

Bi Evdokia alifunua kalenda yake ya kanisa.

"Jumamosi ijayo ni Jumamosi ya Marehemu. Mpikie Lukia ngano, kama tunavyowapikia wafu wetu. Ipeleke mwenyewe, muombee, mwambie unamchukua Lambros kwa heshima. Aliyekufa akipewa haki yake hasumbui."

"Mama, unajua mimi siamini hayo."

"Nani kakwambia uamini? Nimekwambia upike."

Alipika. Alichemsha ngano, akaianika juu ya taulo, akachanganya zabibu, komamanga na jozi, akaipakua kwenye sahani na kuifunika kwa sukari laini nyeupe mpaka ikawa kama kaburi dogo lililoangukiwa na theluji. Juu yake akapanga lozi zikaandika herufi ya kwanza ya jina: L. Alijiona mjinga, na wakati huo huo aliona moyo umetulia. Mambo hayo mawili hakuweza kuyapatanisha, akaacha.

Jumamosi Lambros, aliyekuwa dereva wa watalii, alikuwa na basi la kupeleka Meteora. Thomai alifunga duka mchana, akaendesha peke yake. Kwenye daraja ujumbe uliingia kwenye simu.

"Uko wapi mpenzi?"

Akasimama pembeni, akaandika: "Napanda. Nimempikia Lukia ngano."

"Thomai rudi. Barabara imeporomoka."

"Naishia kwenye kona tu."

"RUDI. Nakuomba."

Aliisoma mara mbili. Mtu anayempenda marehemu angeshukuru. Aliiweka simu kwenye mkoba, akaendelea.

Kwa mara ya kwanza alifika mpaka mbele ya kikanisa. Kona ilikuwa nzuri kupita kiasi: bonde lote la mto chini, mbuzi wametawanyika kwenye majabali kama changarawe. Mbele, barabara ya Kedro ilikuwa nzima kabisa, imetiwa lami juzi juzi.

Alifungua kile kimlango cha kioo. Ndani palikuwa na taa, pamba za utambi, kiberiti, chupa ya mafuta iliyofika nusu, na sanamu ya Mtakatifu Paraskevi. Chini yake kibati kidogo: LUKIA.

Akatafuta picha.

Vikanisa vya namna hiyo alikuwa amevipita vingi njiani, na kila mtu nchini anajua kuvisoma. Mtu akifa barabarani, ndugu huweka picha yake ndani. Mtu akipona, huwekwa mtakatifu peke yake, kwa shukrani.

Huenda picha iliharibiwa na mvua, alijiambia. Huenda iliibiwa. Akapitisha kidole ukutani. Hapakuwa na tundu la msumari wala alama ya gundi. Hapo hapakuwahi kuwa na picha.

Nyuma yake zilisikika hatua kwenye lami, moja nzito, moja nyepesi.

"Umeshaijaza taa? Ahsante, umenipunguzia kazi."

Alikuwa mwanamke wa umri wake, amevaa koti jeupe, mguu mmoja akiuburuta kidogo. Mkononi alikuwa na kichupa cha mafuta.

"Samahani," Thomai alisema. "Wewe ni wa hapa?"

"Wa Kedro. Natoka zamu ya zahanati. Ukisikia mzimu wa kona, ndio mimi huyu. Stergios anauza supu kwa jina langu, na hata bakuli moja hajanipa." Akaitazama sahani. "Pole. Umefiwa na nani?"

"Unaitwa nani?"

"Lukia. Hiyo ngano ni ya nani?"

Thomai aliitazama herufi ya lozi.

"Yako," alisema.

Lukia aliangalia sahani, akamwangalia yeye, akaangalia kidole chake chenye pete. Hakushtuka kama ambavyo Thomai alitarajia. Alikaa taratibu juu ya ukuta wa mawe, akaunyoosha ule mguu.

"Lambros," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nimekufa." Akatikisa kichwa. "Nilijua ananichukia. Sikujua amenizika. Una kijiko?"

"Nini?"

"Kijiko. Sijala tangu asubuhi."

Alikula ngano yake mwenyewe kwa utulivu, huku akisimulia. Walikuwa wakitoka kwenye sikukuu ya kijiji, Lambros akiendesha. Gari lilitoka nje ya barabara, likanaswa na mti wa mvinje juu ya bonde. Lambros alitoka kupitia dirishani. Lukia alibanwa mguu.

"Akasema anakwenda kuita watu. Watu wako juu, Kedro. Yeye akashuka chini. Nilimwona kwa taa za gari. Mchunga mbuzi ndiye aliyenikuta, kumekucha. Baba akajenga hiki, kumshukuru Mtakatifu."

"Na Lambros?"

"Sijamwona tena. Ila siku hizi kuna gari la bluu husimama pale chini kila Jumamosi. Nilidhani ni watu wa kutazama mandhari."

"Nilikuwa ndani," Thomai alisema. "Anakulilia."

"Mimi?"

"Kila Jumamosi. Machozi ya kweli, Lukia. Naapa."

Kwa mara ya kwanza Lukia aliweka kijiko chini.

"Sasa hapo," alisema, "umenichanganya."

Simu ililia mkobani. Lambros. Thomai alifikiri kidogo. Mtu mmoja amesimulia, na mtu mmoja bado si ushahidi. Akapokea, akaweka sauti ya nje ili Lukia naye asikie.

"Thomai! Umefika wapi? Mbona hujibu?"

"Niko kwenye kona. Nina swali moja, na jibu lake ndilo harusi yetu. Lukia alikufa vipi?"

"Mpenzi, kwa nini leo..."

"Nijibu tu. Chochote kile, nikiambiwa ukweli sasa hivi, nitajaribu kukaa nao."

Kwenye simu ilisikika injini ya basi ikiunguruma.

"Mikononi mwangu," Lambros alisema, na sauti ikamkatika kwa kilio. "Nilimtoa garini. Nikamshika. Akafa mikononi mwangu."

Thomai alifumba macho. Aligundua kwamba mpaka sekunde ile alikuwa bado akimtetea.

Lukia aliinama kuelekea simu.

"Lambros," alisema, "ngano ni tamu. Njoo ule, hatujaimaliza."

Simu ikakatika.

Kesho yake Lambros alikuja dukani Preveza kupitia mlango wa nyuma, hajanyoa. Alisimama katikati ya maboksi ya dawa kama mtu aliyeletwa polisi.

"Nilidhani amekufa," alisema. "Nilimwita, hakuitika. Niliogopa nikakimbia. Nilipopata habari kwamba yu mzima, zilikuwa zimepita siku mbili. Ningeingiaje hospitali? Ningesema nilikuwa wapi?"

"Ungesema uliogopa."

"Kule wote walinitemea mate. Nikahamia hapa, nikakutana na wewe. Ukaniuliza kama niliwahi kuwa na mtu. Neno likanitoka tu. Ukanishika mkono, Thomai. Ulinishika mkono vizuri sana. Ningelirudishaje?"

Thomai alitaka kukasirika na hakuona pa kuanzia. Mbele yake alikuwa mtu yule yule aliyempelekea supu alipougua, anayejua jinsi anavyokunywa kahawa yake. Hilo lilikuwa kweli. Na lile jingine lilikuwa kweli.

"Nikuulize. Pale kwenye kona ulikuwa unamlilia nani?"

Lambros alianza kupanga upya maboksi yaliyokuwa yamepangwa tayari.

"Yeye?"

"Sijui."

"Nafsi yako?"

"Sijui, Thomai. Naapa sijui. Nikifika pale yanatoka tu."

"Hilo nalisadiki." Alivua pete, akaiweka juu ya boksi la bandeji, kwa sababu kumpa mkononi asingeweza. "Jana nilikuuliza ukiwa huna cha kupoteza ila uongo, ukaushika uongo. Siku nikibanwa mimi kwenye gari, Lambros, sitajua umeelekea juu au chini."

"Nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana sielewi."

Lambros alipotoka, Thomai alikaa chini kati ya maboksi akalia mpaka mteja alipogonga kaunta. Akajifuta, akavaa koti lake jeupe la kazini, akaenda kuuza dawa ya kikohozi.

Jumapili ya harusi ilipita bila harusi. Jumamosi iliyofuata, baada ya kufunga duka, ujumbe uliingia:

"Stergios ameniahidi supu ya bure mwishowe. Njoo tumfilisi. Leta mafuta, yangu yameisha. Na tafadhali usije na ngano. Lukia."

Alikwenda, moja kwa moja kutoka kazini, bila kubadilisha nguo. Wakajaza taa, wakakaa ukutani kutazama bonde. Thomai alikuwa amemimina mafuta kwa ajili ya Lukia kwanza, kisha akaongeza kidogo kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa bado haamini, lakini kuna jambo alikuwa amepona, na hakujua mahali pengine pa kulishukuria.

Chini ya kona gari la bluu lilikuja, likasimama.

"Tumwite?" Lukia aliuliza.

Thomai alifunga chupa ya mafuta.

"Anajua njia," alisema.

Gari lilikaa pale mpaka ukungu ukalimeza. Mlango haukufunguliwa.

Siku hizi Bwana Stergios amebadilisha hadithi yake, na meza zinajaa zaidi. Anasema mizimu ya kona ni mitatu. Wawili ni wanawake, wamevaa makoti meupe, wanacheka kwa sauti mpaka unawasikia mtoni. Hao, anasema, hawana madhara, ukiwasalimia wanaitikia. Wa tatu ni mwanamume, na huyo ndiye wa kuogopwa.

"Anafanya nini?" wageni huuliza.

"Hafanyi kitu," Bwana Stergios hujibu. "Hashuki kwenye gari."