Machungwa Yaliyochumwa Mapema

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Lea alimpelekea babu yake uji. Babu huyo, Mzee Makarius, alikuwa akiugua tangu walipohamia kijiji cha ujamaa, bondeni Ruhembe. Huko mlimani Vidunda, walikotoka, aliuacha mchungwa alioupanda kwa mikono yake.

"Natamani chungwa la mti wangu," alisema siku moja.

"Tusubiri yaive, baba," alijibu Teresia, mama yake Lea.

Lakini Lea alimwona babu akizidi kukonda. Jumamosi alipanda mlima, akayakuta machungwa bado mabichi. Aliyachuma yote, akayaficha katika shimo la kuivishia ndizi. Siku alipoyafukua yalikuwa ya manjano, yanavutia macho.

"Shikamoo, babu. Haya yameivia mtini," alisema, akamenya moja.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Babu alitafuna kipande. Uso ukamkunjamana. "Mbona kali kama ndimu? Mti wangu hauzai hivi. Au ulimi wangu ndio umeshakufa?"

Aliugusa mdomo wake kwa vidole, akaliweka chungwa kando kwa huzuni. Lea alishindwa kuvumilia. "Ulimi wako ni mzima, babu! Nimekudanganya. Niliyachuma mabichi, nikayavundika na ndizi."

Mzee alimshika mkono. "Kumbe! Basi mti wangu ni ule ule," alinong'ona, akatabasamu.

Hakuuona msimu mwingine wa machungwa. Walimzika wiki ile ile.

Mwalimu Lupakisyo, aliyemfundisha Lea shuleni, alipokuja kuhani msiba, Lea alimuuliza huku akilia, "Mbona ndizi zilikuwa tamu, machungwa yakabaki makali?"

"Ndizi mbichi imejaa wanga," alijibu mwalimu. "Hata ikishakatwa mgombani, wanga ule hugeuka sukari. Chungwa halina akiba hiyo. Sukari yake huletwa na majani, na asidi inayolifanya kali hupungua lingali mtini. Shimo lilibadilisha rangi ya ganda tu."

"Nilimharibia babu hamu yake ya mwisho."

Mwalimu alitikisa kichwa. "Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini babu yako hakuwa na muda wa kuvumilia. Haraka yako ilitokana na upendo, Lea. Kosa lilikuwa kuupaka uongo rangi ya manjano. Ungenyamaza, angekufa akidhani mwili wake umemsaliti. Ukweli ulikuwa mchungu kuusema, ila ndio uliompa faraja. Siku nyingine, uanze nao."