Yule wa Upande wa Pili wa Moto

Injini ilikuwa imezimwa, lakini mshale wa geji ya oili ulisimama katikati.

Kimotho aligonga kioo cha geji kwa ukucha. Mshale haukulala. Akainamisha sikio kwenye bati la mashine, akasikia ndani kitu kama mtu anayepumua kwa shida.

"Ni uzee wa mashine," alijiambia, akaenda kunywa chai.

Mashine hiyo ya kuchomelea, ya injini ya dizeli, aliinunua kwa kontrakta aliyekuwa ameitelekeza miaka mingi kando ya mto Nzoia, karibu na Webuye. Mwaka huo wa 2006 stima ilipotea Kitale kila mara. Mafundi wengine walikaa mikono mitupu huku karakana ya Kimotho, kule upande wa Kipsongo, ikinguruma tangu asubuhi. Alikuwa na fundi mmoja tu, Barasa wa kijiji cha Matulo, mtu mcheshi aliyeimba akifanya kazi, na ambaye mkewe Nelima alimletea chakula kila mchana.

Kesho yake Kimotho mwenyewe alishika kazi ya geti la kanisa. Aliwasha injini, akaiacha ipate joto, akaweka nguvu ya moto kwenye ampea mia, akashusha maski. Kupitia kioo cheusi cha maski fundi haoni chochote isipokuwa moto wake. Kimotho aliuona moto. Kisha, upande wa pili wa moto, akamwona mtu amechuchumaa.

Ngozi yake ilikunjamana kama kitu kilicholala sana majini. Alikuwa amesogeza uso karibu na cheche, kama mtu anayeota moto wa kuni asubuhi ya baridi. Akainua macho. Hayakuwa na kope.

Kimotho alitupa maski. Karakana ilikuwa tupu, jua linawaka, ila palinuka nywele zilizoungua na matope ya mto.

"Nini, bosi?" Barasa aliuliza kutoka mlangoni.

"Cheche imeniingia shingoni." Kimotho akajipangusa shingo. "Sikia, kuanzia leo wewe ndiye wa kuchomelea. Mimi nitakuwa nakata vyuma. Una mkono mzuri kunishinda."

Barasa alitabasamu. Bosi hakuwa amewahi kumsifu. Akaokota maski, akaipangusa kwa shati, akaivaa.

Kimotho alijitetea moyoni kwamba huenda macho yalimdanganya tu. Lakini kama yalimdanganya, mbona hakuigusa tena ile maski?

Baada ya muda Barasa akaacha kuimba. Nelima alipoleta chakula, kilirudi bila kuguswa. Siku moja Barasa alimfuata Kimotho kwenye vyuma, akasema kwa lafudhi ya kwao, kwa sauti ya chini, "Bosi, naweka mia, rakini inachoma kama mia mbiri. Mshare wa ampea unapanda peke yake."

"Punguza ampea, bana."

"Nimepunguza. Inarudi." Aligeuka kuitazama mashine, kana kwamba ingewasikia. "Bosi, we ukichomerea... huwa unaona mtu?"

Kimotho alikuwa na msumeno mkononi. Akaendelea kukata.

"Mtu gani? Sijaona mtu mimi."

Barasa alitikisa kichwa polepole, akarudi kazini.

Alasiri hiyo mvua ya mawe ilinyesha, karakana ikawa giza, na Kimotho akiwa amegeuza mgongo, kama alivyozoea sasa kugeuza mgongo kila moto ulipowaka, alisikia injini ikipanda bila mtu kuigusa, ikinguruma, ikilia, kisha ikianza kuhema kwa sauti ya koo la mtu, harufu ya nywele na matope ikajaa mpaka akakohoa, na alipogeuka aliona swichi ya ampea ikizunguka yenyewe hadi mwisho, na moto mweupe ukifura mkononi mwa Barasa, na Barasa, ambaye angepaswa kuachilia, haachilii, kwa sababu kulikuwa na mikono miwili iliyokunjamana juu ya mikono yake, ikimvuta karibu, karibu zaidi, hadi kioo cha maski kikapasuka.

Hospitalini walisema macho yameungua na yatapona. Bandeji zilipotolewa, Barasa aligeuza uso huku na huku.

"Simwoni Nelima," alinong'ona. "Namwona yure tu. Amekaa hapa kitandani."

Kimotho alimwita Nelima nje, akamwambia yote: uso alioona, maski aliyompa mwenzake, swali alilolijibu kwa uongo. Nelima hakupiga kelele.

"Shemeji, ulijua?"

"Nilijua."

"Basi beba hiyo mashine yako. Tunaenda Matulo."

Huko aliishi Nakhungu, bibi mzee aliyefukuza pepo tangu ujana wake. Aliizunguka mashine uani kwake, akanusa. "Ni jini la mto. Washa, mwanangu. Nikikuambia shusha, unashusha moto kidogo kidogo."

Kimotho aliwasha. Nakhungu akanyunyiza maji na kusema maneno ya kwao, na kila alipoamuru, Kimotho alipunguza ampea. Ilipokaribia sifuri, Barasa, aliyeketishwa kwenye kiti, alifungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Nasikia baridi. Mkinizimia moto, nitakaa wapi?"

"Rudi mtoni!" Nakhungu alifoka.

"Mtoni ni baridi. Huyu ana joto. Siendi."

Bibi alirudia mara nyingi, hadi sauti ikamkauka. Nelima alikuwa amepiga magoti, ameishika mikono ya mumewe. Kimotho aliwatazama. Kisha akainama juu ya swichi kana kwamba anasoma namba, na chini ya mngurumo wa injini, mahali ambapo hakuna binadamu angemsikia, akasema, "Mwache. Njoo kwangu."

Akashusha hadi sifuri. Akakata dizeli. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Barasa alipepesa macho. Akamtazama Nelima, akamgusa shavu, akaanza kulia kama mtoto. Nakhungu akaketi chini, amechoka, akimshukuru Mungu.

"Bosi," Barasa aliita, akimtafuta kwa macho mekundu. "Ameenda?"

Kimotho alikuwa amefumba macho mara moja tu, kitambo kidogo, na katika giza la kope zake mtu alikuwa amechuchumaa, akiota moto.

"Ameenda," akasema, akijitahidi asipepese.