Mkanda wa Kilima cha Kalulu

Clémentine aliamka mapema kila siku. Aliwasha makaa, akaweka maji ya uji, kisha akamsaidia mama yake kutoka nje. Mama huyo aliitwa Numbi. Alikuwa mzee, na miguu yake haikuwa na nguvu tena. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango akichambua sombe, majani ya mihogo ya kupika, naye alimwamkia kila aliyepita njiani kwa jina lake.

Nyumba yao ilikuwa kwenye Kilima cha Kalulu, nje ya mji wa Likasi. Zamani hawakuishi huko. Damas, mume wa Clémentine, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda kimoja mjini. Ikaja miaka ya tisini, kazi zikafa, mishahara ikakatika. Watu wengi walipanda milimani kulima mahindi na mihogo na kuchoma makaa. Damas naye alipanda. Alijenga nyumba ya matofali mabichi, akaiezeka kwa nyasi. Kuni alizipanga ukutani, zisiwe mbali na jiko. Ghala la mahindi alilijenga nyuma, pale miti ya pori inapoanzia. Nyasi zilikua mpaka dirishani. Hakuna aliyeona ubaya wowote, kwa sababu nyumba zote za kilima zilikuwa hivyo.

Mwaka wao wa pili hapo, mwezi wa tisa ulikuwa mkali. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne. Majani yalivunjika mkononi. Siku moja mchana, wawindaji wa kilima waliwasha moto bondeni ili kufukuza wanyama na panya. Mkubwa wao aliitwa Cyrille. Walifanya hivyo kila mwaka. Lakini siku hiyo upepo uligeuka, na moto ukaanza kupanda kilima.

Clémentine alikuwa shambani na mumewe. Aliona moshi, kisha akasikia sauti kama mvua kubwa inayokuja. Hiyo haikuwa mvua.

"Mama iko mu nyumba!" alipiga kelele.

Walikimbia. Damas alichukua ndoo, akamwaga maji kwenye paa. Maji yaliisha mara moja. Cheche zilikuja na upepo, zikaanguka juu ya nyasi za paa. Clémentine alimbeba mama yake mgongoni. Hakujua aende wapi. Aliona majirani wanakimbia kupanda juu, naye akapanda juu. Moto ukawafuata. Ulikwenda haraka kuliko miguu ya mtu. Moshi ulimziba pumzi, akajikwaa, wakaanguka wote wawili kwenye shamba la mihogo lililolimwa upya. Udongo ulikuwa mtupu, hauna nyasi. Moto ulipita upande huu na upande ule, ukaenda zake.

Hakuna aliyekufa. Lakini nyumba iliungua, na ghala lote la mahindi. Mkono wa kushoto wa Numbi uliungua vibaya.

Jirani mmoja alikuja na dawa ya meno amshike Numbi mkono, ampake. Mwanamke mwingine akamzuia.

"Acha, mukwetu. Usipake kitu. Lete mayi safi ya baridi."

Mwanamke huyo alikuwa Mama Émérence. Kwa miaka mingi alikuwa monitrice wa kilimo kule Kapolowe. Alizunguka vijiji akifundisha wakulima. Sasa alilima kama wengine, upande wa pili wa kilima. Alimwagia mkono wa Numbi maji kwa muda mrefu, kisha akaufunika kwa kitambaa safi. Siku iliyofuata walimpeleka Numbi kwenye dispensari akiwa amekaa kwenye baiskeli, Damas akiisukuma.

Waliporudi, Damas alitazama majivu ya nyumba yake.

"Miye nimechoka na hii mulima," alisema. "Tushuke. Turudi mu mji."

"Mu mji tutakula nini?" Clémentine alimuuliza. "Shamba yetu iko hapa. Moto haikukula udongo."

"Na mwaka kesho? Moto itarudi."

"Ndiyo, itarudi," alisema Mama Émérence. Alikuwa amekuja kumwona mgonjwa. "Kila mwaka moto inarudi. Shida ni moja: inatukuta tumelala. Kuyeni, niwaonyeshe kitu."

Aliwaomba bakuli la maji, akaliweka karibu. Kisha alikusanya udongo kwa mikono, akatengeneza kilima kidogo. Alichomeka majani makavu juu yake, kuanzia chini mpaka kileleni. Akawasha majani ya chini. Moto ulipanda kilima kidogo kwa nguvu, ukamaliza kila kitu.

"Mumeona? Moto inapenda kupanda. Muntu akikimbia kupanda, anakimbia njia ya moto."

Clémentine alikumbuka uzito wa mama yake mgongoni.

Émérence alichomeka majani mengine. Safari hii alipitisha kidole katikati ya kilima kidogo, akaondoa majani yote, udongo ukabaki mtupu. Aliwasha tena chini. Moto ulipanda, ukafika kwenye alama ya kidole, ukafa.

"Ule udongo ya mihogo ndiyo iliwaponyesha," alisema. "Haikuwa bahati bule. Moto ilikosa chakula."

Damas alichuchumaa, akagusa alama ile. Fundi wa kuchomelea anaujua moto. Kiwandani hakuwahi kufanya kazi bila kufagia sakafu kwanza.

"Basi tukate mukanda ya udongo," alisema polepole. "Mukanda ya kuzunguka nyumba zote."

"Ndiyo, tata. Lakini mukanda peke yake haitoshe. Nyasi ikiwa nyingi, cheche zinaruka. Ni lazima tuchome nyasi sisi wenyewe, mapema, kabla haijakauka yote."

"Kuchoma tena?" Clémentine alishtuka. "Mama, moto imetumaliza, na weye unasema tuchome?"

"Sikia, mama. Mwezi ya tano na ya sita, nyasi iko kavu juu, lakini chini iko na mayi kidogo. Moto yake ni fupi. Inatembea polepole, muntu anaweza kuipiga na matawi. Ukingoja mwezi ya tisa, utapata ile tuliona juzi."

Walijenga nyumba upya. Safari hii Damas hakuweka kuni ukutani. Alizipeleka mbali, chini ya kibanda chake. Ghala jipya alilijenga upande wa shamba, mbali na miti. Alipata mabati ya zamani, akaezeka nyumba. Hayakutosha kwa jiko, kwa hiyo jiko la nyasi alilisogeza, lisimame peke yake.

Lakini kilima hakikuwa cha Damas peke yake. Émérence alisema wazi kwamba nyumba moja haiwezi kujikinga ikiwa majirani wamelala. Na mtu mgumu kuliko wote alikuwa Cyrille.

Jumapili moja, baada ya sala, Clémentine na Émérence walimkuta Cyrille nje ya kapela, amesimama na wawindaji wenzake.

"Tunataka kuchoma nyasi mwezi ya tano," Clémentine alisema.

Cyrille akacheka. "Na sisi tutawinda nini mwezi ya tisa? Batoto yangu banakula nyama kwa ile moto. Munataka balale njaa?"

Wawindaji wakaitikia. Clémentine alihisi hasira inampanda. Alitaka kumwambia juu ya mkono wa mama yake. Lakini Émérence alitangulia.

"Cyrille, weye ni muwindaji. Niambie. Moto ikisha kupita, kitu gani inaota?"

"Majani mapya."

"Na nani anakuya kula yale majani?"

Cyrille alisita. "Kashya," alisema. Kashya ni swala mdogo wa porini.

"Tukichoma mapema, majani mapya itaota mapema. Nyama zitakuya zenyewe kula. Utazikuta bila kufukuza kitu na moto."

Clémentine akasema kwa sauti ya chini:

"Yaya Cyrille, mama yangu anakuamkia kila asubui ukipita. Sasa anakuamkia na mukono moja. Hatukukuyia na palabre ya kugombana. Tunakuomba ukuye utusaidie, juu weye unajua mupepo ya hii mulima kushinda sisi wote."

Cyrille alitazama chini.

"Mutaniita siku gani?" aliuliza mwishowe.

Mwezi wa tano, mvua ilipokwisha kukatika, watu wa kilima walitoka na majembe na mapanga. Walikata mkanda kuzunguka nyumba zote. Walilima nyasi mpaka udongo ukabaki mtupu, upana wa kutosha malori mawili kupishana. Walikata matawi yaliyogusa mapaa. Kazi ilikuwa ngumu, na wengine walinung'unika. Clémentine alipika bukari, yaani ugali, kwa wote, manung'uniko yakapungua.

Kisha walichoma. Cyrille ndiye aliyechagua saa. Alingoja jioni, upepo ulipolegea na ubaridi ukaanza kushuka. Waliwasha kutoka ukingo wa mkanda, moto ukaenda polepole dhidi ya upepo, ukiziacha nyumba nyuma. Watu walisimama kwa mstari, kila mmoja na tawi bichi au gunia lililoloweshwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mpaka gogo la mwisho lililotoa moshi limezimwa kwa udongo.

Mama Émérence aliwauliza pia watu wa kila nyumba: "Moto ikikuya mchana na wanaume hawako, nani atabeba nani? Mutakutana wapi?" Walikubaliana kukutana kwenye shamba kubwa la mihogo, ambalo lilipaliliwa daima. Damas alitundika rimu ya lori kwenye mti. Rimu ikipigwa kwa chuma, kilima chote kilisikia.

Majani mapya yaliota. Kashya walikuja. Cyrille alimletea Numbi paja moja, akaliweka miguuni pake.

Mwezi wa tisa ulirudi. Siku moja Damas alishuka mjini kuuza makaa. Mama Émérence naye alikuwa Kapolowe kwa msiba. Jua lilipokuwa kichwani, Clémentine alinusa moshi. Alipanda juu ya kichuguu kikubwa kilichokuwa nyuma ya nyumba. Kule ng'ambo ya bonde, tanuru la makaa lilikuwa limepasuka, na mwenyewe hakuwepo. Pori lilikuwa linawaka. Upepo ulikuwa unaelekea kwao.

Kwa muda mfupi mawazo yalimrudisha mwaka uliopita, pale alipokuwa hajui aende wapi. Kisha akashuka, akakimbia mpaka kwenye rimu, akaipiga kwa nguvu zake zote.

Watu walitoka.

"Mama Émérence iko wapi?" mmoja alilia.

"Iko Kapolowe," alisema Clémentine. "Tunajua kazi. Bazee na batoto, mu mihogo! Wengine, mulete matawi na magunia! Muchote mayi!"

Majirani wawili walimbeba Numbi kwenye mkeka wake. "Binti yangu, na weye kuya," alisema Numbi.

"Nakuya, mama. Kwanza nitazame mukanda."

Moto ulivuka bonde, ukaanza kupanda. Ulikuwa mrefu kama miti, na joto lake liliunguza nyuso kutoka mbali. Cyrille alisimama kando ya Clémentine. Wote walifunga vitambaa vyenye maji puani.

"Musiende mbele!" Cyrille alipiga kelele. "Muache ikuye kwetu!"

Moto ulifika mahali palipochomwa mwezi wa tano. Hapo palikuwa na majani mabichi mafupi tu. Moto ulishuka. Mahali ulipokuwa mrefu kuliko mtu, sasa ulifika magotini. Ulitambaa mpaka kwenye mkanda, ukatafuta, ukakosa. Cheche chache ziliruka. Moja iliangukia jiko la nyasi la jirani. Wanawake wawili waliimwagia maji kabla haijashika. Nyingine zilipigwa kwa magunia. Moto uligawanyika, ukazunguka kilima, ukaenda kufia kwenye mto.

Damas aliuona moshi akiwa barabarani. Aliacha baiskeli kwa mtu asiyemjua, akapanda mbio. Bonde lote lilikuwa jeusi. Aliita jina la mke wake mara nyingi, sauti ikamkauka. Kisha aliona mabati yake yanang'aa. Aliona ghala limesimama. Watu walikuwa bado wanafukia magogo kwa udongo, na Clémentine alikuwa anawaonyesha wapi.

"Mama?" aliuliza Damas.

"Iko mu mihogo. Analalamika njaa."

Damas alikaa chini akacheka, huku machozi yakimtoka. Kisha akachukua jembe, akaenda kusaidia.

Habari ilifika vilima vingine. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, mwanamke mmoja aitwaye Mathilde alikuja kutoka ng'ambo ya bonde, kule tanuru lilikopasuka. Alimtafuta Mama Émérence.

"Muende na Clémentine," Émérence alimwambia. "Ataweza."

Watu wa ng'ambo walikata mkanda wao kwa muda wa juma zima, na Clémentine alikuwa nao. Siku ya kuchoma ilipofika walijipanga kwa mstari, matawi mabichi mikononi. Mathilde akampa kiberiti.

Clémentine alitazama ncha za nyasi. Zilikuwa bado zinacheza.

"Bado," alisema. "Tungoje kidogo."

Wote wakangoja. Jua lilishuka nyuma ya miti, nyasi zikatulia. Clémentine aligeuka, akahakikisha kila mtu yuko mahali pake. Kisha akapiga kiberiti.