Niliukata Waya wa Ethi

Umeme ulimnasa mke wangu kwenye mlango wa gari, na aliyeutega ni mimi mwenyewe.

Someni mpaka mwisho, ndipo mnitukane.

Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika siku ya tatu. Mama yangu anapumulia mashine ya oksijeni, na betri yake ilikuwa inaishia. Nikaomba gari la kazini, lile lenye jenereta yake humo humo. Nikaliegesha uani, nikavuta waya mpaka kwenye nyumba.

Nawasha... ta! Swichi ya usalama ya gari inaruka.

Mara tano!

Nikampigia shemeji, kaka wa mke wangu, fundi umeme.

"Shemeji, swichi inaruka kila nikiwasha."

"Basi kuna umeme unavuja huko nyumbani."

"Nikikata waya wa ethi je?"

"We! Usiuguse! Chomoa kwanza..."

"Wewe una cheti, mimi nina mgonjwa!"

Nikamkatia. Simu nikaitupa kwenye kiti cha gari.

"Mwanangu... mbona hewa haiji?" Mama huyo, chumbani.

Nikashika koleo, nikaukata waya wa ethi, ule wa usalama unaorudisha umeme unaovuja. Swichi nayo nikaizunguka kwa kipande cha waya, umeme usiipitie, isinisumbue tena.

Ikawaka! Mashine ikanguruma, mama akavuta pumzi. Nikajiona injinia!

Mke wangu alikuwa anafua pale uani, miguu peku, chini maji matupu.

"Baba watoto, simu yako inalia garini!"

"Iache! Ni kaka yako anataka kunipa darasa."

"Ngoja nimsikilize mimi. Kiburi chako hakipikiki!"

Akacheka. Akashika mlango.

Hakupiga hata kelele. Mkono umeng'ang'ania chuma, macho yananitazama tu...

Nikakimbilia meni swichi, nje ya chumba cha mama. Mkono ukagoma. Nikizima, mama anakosa hewa. Nisipozima...

Mama alikuwa ameona yote dirishani.

"Zima, mwanangu."

Nikazima.

Jioni, hospitalini, nikafungua simu. Ujumbe wa shemeji: "Chomoa kwanza pampu ya maji. Nilipokuja kwenu niliikuta mbovu."

Plagi moja tu! Mashine ya mama haikuwa na shida yoyote.

Pampu ilikuwa inavujisha umeme ardhini. Gari limekaa juu ya matairi, na waya wa kuurudisha ule umeme nilishaukata. Ukapitia kwa mke wangu na miguu yake iliyolowa, kurudi kwenye jenereta.

Swichi ikiruka, tafuta kinachoirusha. Na fundi akiongea, mwache amalize.

Nilichopoteza ni hiki. Vidole vitatu vya mkono wa kulia wa mke wangu, na yeye ni fundi cherehani. Mama, aliyekosa hewa nilipozima, akafariki siku mbili baadaye. Na shemeji: siku ile alinipigia mara kumi na moja, sasa nikipiga mimi hapokei.