"Présent" Haishone Nguo

Vita ilitufukuza Kanyabayonga. Tukafika Kisangani, tukapanga nyumba Kabondo. Dada yangu mukubwa, yaya Kanyere, aliacha kule mashini yake ya kushona. Hapa akaingia masomo ya kushona ya ku WhatsApp, juu apate brevet, karatasi ya ufundi, na kazi.

Asubuhi ananunua mega kidogo za internet. Anapakua sauti za prof, anazima connexion. Kisha anasikiliza, anarudilia, anakata nguo za zamani, anashona na mukono mupaka vidole vinauma. Lakini ku grupu haandike kitu. Iko na haya.

Wengine wanaandika tu: "Présent, prof!", ni kusema wako. Jirani yetu Eddy ndiye wa kwanza kila siku.

Siku moja prof Faustin akaandika: "Wenye wananyamaza hawasome. Ninawatosha inje ya grupu. Hawatafanya examen."

Akamutosha Kanyere. Yaya akalia. Mi nilikasirika sana!

Eddy akacheka ku lupango, kiwanja yetu sisi wote: "Kanyere, ulikuwa unalala? Mi niko présent!"

"Présent wapi?" nikamuuliza. "Nilisoma ku telefone ya yaya: jana prof aliandika: 'Leo hakuna somo, niko mugonjwa.' We ukajibu: 'Présent, prof, nimeelewa vizuri!'"

Mama Pélagie wa mu lupango yetu, mwenye anafundisha walimu, alicheka mupaka kikwembe yake ikafunguka kiunoni, akaifunga tena. Kisha akakasirika na ye.

"Bon. Kusikiliza ni kusoma. Kurudilia ni kusoma. Kujaribu na kuharibu, ni kusoma pia, hata kama haionekane. Prof anafukuza mutu juu ya kimya? Aulize kazi, asiulize makelele!"

Akageukia yaya: "Lakini na we, mwanangu, prof haone meza yako. Kila juma umutumie foto ya kazi na ulizo moja. Kama uko na haya mbele ya grupu, umuandikie ye peke."

"Na mega, mama?"

"Foto moja haikule mega mingi."

Yaya akamutumia prof peke foto ya kola ya shati yenye alishona, na sauti: "Prof, kola yangu inakunjama hapa. Nilikosea wapi?"

Prof akasikiliza sauti. Kisha akajibu: "Pole, Kanyere. Sikujua. Ninakurudisha, na examen utafanya."

Halafu akaandikia grupu yote: "Sitaki tena 'Présent'. Kila mutu atume kola yake."

Grupu ikanyamaza, ziii.

Kisha ku lupango tukasikia sauti ndogo ya Eddy: "Yaya Kanyere… kola, alors, inaanzaka wapi?"