Kionja Alipomeza Oili

Aliyeisimulia kwanza hadithi hii ni shangazi yetu, mwaka ule alipohamia nyumba iliyo ndogo zaidi, tulipokuwa tukimfungia vyombo. Aliisimulia mara moja tu, mchana kweupe, na hakutaka kukatizwa.

Mumewe alikuwa fundi wa magari ya zamani, na watu walimwita Kionja. Mafundi wengine husikiliza injini, yeye aliionja. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipitisha kwenye kidole, akalamba, akatema, kisha akatoa hukumu. Ikiwa na utamu, maji ya rejeta, yale ya kupoza injini, yamepenya ndani. Ikiwa chungu kama jivu, imeungua. Hakukosea. Shangazi alikirihishwa na tabia hiyo tangu mwanzo wa ndoa, na kila jioni alimwekea mswaki kabla ya sahani.

"Mke wangu, ulimi huu ndio unaotulisha."

"Basi na wewe uulishe sabuni kwanza."

Kionja alifanya kazi karakanani, uani kwake, pamoja na Nyundo, kaka yake Shangazi, fundi wa bodi. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Walikwangua kutu hadi wakaikohoa, wakapiga msasa hadi ngozi za vidole zikalainika kama za mtoto, wakatafuta gasketi moja mji mzima kama wanaotafuta mchumba. Lakini siku gari lililokuwa kiota cha kuku lilipounguruma, wote watatu walijipakia na kuzunguka mitaa, Shangazi nyuma kama bibi harusi, Nyundo akipungia mkono hata mbuzi. Walirudi wamechoka hoi, wakalala usingizi wa mawe. Shangazi alisema hajapata tena uchovu mtamu kama ule.

Kisha likaja lile gari la pua ndefu. Mjane mmoja aliwapa bure, kwa kuwa mumewe alifia kwenye usukani na hakutaka kuliona tena. Walipolifunua huko kwa mjane, lilikuwa safi kupita kiasi. Hapakuwa na buibui wala panya. Nzi walilizunguka, lakini hakuna aliyetua.

Kionja alichomoa kijiti. Kilikuwa na joto, ilhali injini haikuwashwa miaka mingi. Alilamba, uso ukamkunjamana, akageuka ateme. Hapo akamwona mjane amesimama nyuma yake, analia kimyakimya. Kutema mbele ya mfiwa, juu ya kitu cha marehemu, aliona ni utovu wa adabu. Akameza.

"Vipi?" Nyundo alimuuliza walipokuwa wakilivuta kwenda nyumbani.

"Si oili ile, shemeji. Ni kama mate ya mtu."

Nyundo alicheka. Kionja hakucheka.

Kilichoanza ni pumzi yake. Shangazi alidhani ni jino, maana ilinuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa chomboni, utamu wenye uozo chini yake. Halafu mto ukawa na doa jeusi, la mafuta, lisilotoka kwa maji ya moto wala kwa majivu. Kionja akaacha kula. Alikaa mezani akigeuzageuza tonge, na siku moja alitia vidole mdomoni akavuta unywele kutoka katikati ya meno, mrefu, wa mvi, umelowa, akavuta, akavuta, ukawa hauishi, hadi Shangazi akaondoka mezani na kitambaa mdomoni.

"Ni uzi tu," alisema Kionja, na kuurudisha ndani kwa ulimi.

Adhuhuri ya siku iliyofuata, Nyundo akiwa ameenda kutafuta rangi, Shangazi alipeleka chakula karakanani. Alipofika mlangoni alisikia sauti, akasimama. Ilikuwa sauti ya mtoto anayenyonya. Nyumbani mwao hapakuwa na mtoto mchanga. Akainama kuchungulia chini ya gari, sahani ikiwa bado mkononi, akamwona mumewe amelala chali, bolti ya kumwagia oili imefunguliwa, mdomo wake umeachama chini ya tundu, na koo lake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, na oili ile haikuwa ikidondoka kama oili inavyodondoka bali ilikuwa imening'inia, nene, nyeusi, yenye ncha, ikimlamba midomo taratibu, pembe hadi pembe, kama ng'ombe anavyomlamba ndama, na yeye amefumba macho kwa raha.

Sahani ilivunjika. Ile ncha ikajirudi tunduni.

Alimkuta Nyundo njiani.

"Kaka, shemeji yako ananyonya gari."

"Ananyonya nini?"

"Punguza sauti! Gari, nakwambia. Na gari linamnyonya yeye."

Nyundo alitaka kufanya mzaha, akautazama uso wa dada yake, mzaha ukamkauka.

Mganga waliyemleta alikuwa mama mfupi, mkavu wa maneno. Alimnusa Kionja shingoni, akafunga pua kwa upande wa khanga.

"Yule marehemu alikuwa na jini, akimlisha damu humo kwenye injini apate kutajirika. Mwenyewe alipokufa, jini amebaki na njaa. Huyu wenu kammeza, tena kwa heshima. Kwa jini huko ni kukaribishwa."

"Atatoka?" Shangazi aliuliza.

"Atatoka kwa mdomo alioingilia. Lakini kinywa hiki sasa ni chake, hatakifungua. Lazima mtu amvute kwa mkono." Akamtazama Shangazi. "Mtu ambaye mgonjwa hatamng'ata."

Shangazi, aliyekuwa akiosha vikombe vya mumewe mbali na vya wengine, alipandisha mkono wa gauni.

Nyundo aliwasha injini. Ikaitika mara moja, kwa sauti ya kukoroma. Walimwinamisha Kionja juu ya tundu la kujazia oili, mfuniko umefunguliwa, na Shangazi akaingiza vidole kinywani mwa mumewe, kwenye ute wa uvuguvugu uliojaa nywele, akapapasa, akagusa ulimi. Kisha akagusa ulimi wa pili. Ulikuwa baridi, na ulikuwa ukimlamba vidole.

"Huo!" mganga alinong'ona. "Usiachie, mwanangu. Usiachie!"

Hakuachia. Alivuta huku akitapika mwenyewe, mguu ameutia kwenye bampa, na kitu kile kikaja kwa urefu wa utumbo, kikiteleza, kikinuka kaburi na marashi, kikaingia kwenye injini kwa mfyonzo mmoja. Mganga akapiga mfuniko na kuukaza. Kionja alianguka mikononi mwa mkewe, akasema neno lake la kwanza tangu siku ile ya unywele: "Maji."

"Litupwe machimboni leo leo," mganga alisema. "Asiligusishe mtu mdomo wake. Mmesikia?"

"Tumesikia," alijibu Nyundo, akaondoka nalo.

Alirudi kwa miguu jua likizama. Shangazi alimtengea chakula. Nyundo akasukuma sahani pembeni.

"Umelitupa?"

"Nimelitupa. Liko chini kabisa. Ila pampu ya petroli iligoma njiani, ikabidi nivute kidogo kwa mpira kutoka tangini, nimwagie kwenye kabureta."

Shangazi aliweka kijiko chini.

"Mpira uliuvuta kwa kutumia nini, kaka?"

Nyundo alifunika mdomo kwa kiganja. Ni mazoea ya kazi. Hakuna fundi anayefikiri anapovuta mpira.

"Niliitema, dada," alisema. "Karibu yote."

Kionja alifariki kwa uzee, na hadi mwisho hakuonja tena kitu, hata chumvi ya chakula aliiacha kwa mkewe. Mganga alimtangulia. Mjane hatujui aliko. Shangazi yu hai. Nyundo naye yu hai. Wenzake wa rika lake wamezikwa kwa uzee, yeye hana hata mvi, na tangu jioni ile hakuna mtu wa ukoo huu aliyemwona akila.